Amana ya Wakongwe
Somo juu ya kuwahifadhi wazee na wagonjwa wanaouguzwa majumbani, pamoja na khabari za nchi ya Mpanda

DIBAJI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Shukrani zote zamrejea Mwenyezi Mungu, ambaye katika Sura ya Rum amewakumbusha waja wake kwamba mwanadamu hutoka katika udhaifu akapata nguvu, kisha hurejea katika udhaifu na mvi. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Somo hili lina mambo mawili yaliyo karibu karibu, nayo si mamoja. La kwanza ni kumwuguza mkongwe au mgonjwa nyumbani kwake. La pili ni kumhifadhi asidhulumiwe na yule yule amwuguzaye. Jambo la kwanza watu wa pwani walijua tangu zamani, na hujifakhiri nalo, kwani ni aibu kwao mzazi kupelekwa katika nyumba ya masikini naye ana watoto. Walakini jambo la pili wengi hawalifikiri. Hudhani ya kuwa mzee akiisha kulazwa chumbani kwa jamaa zake, basi yu salama. Na sivyo. Mlango uliofungwa humsitiri mgonjwa na aibu, na mlango huo huo humsitiri dhalimu na macho ya watu.

Mwaka 2017 wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi 28 walikuta ya kuwa katika kila watu sita waliotimiza miaka 60, mmoja hufanyiwa ubaya katika mwaka mmoja. Na hao ni wazee wakaao katikati ya watu, si wale walio katika nyumba za kulelea. Shirika la Afya Ulimwenguni likaieneza khabari hiyo ili watu wazinduke. Basi mwenye akili hasemi, "Hayo ni ya nchi za mbali." Huangalia kwanza nyumba yake.

FASILI YA KWANZA
Nani dhaifu, na nani mchunga wake

Dhaifu anayekusudiwa hapa ni mtu mzima ambaye hawezi kujilinda kwa sababu ya uzee, au maradhi, au upofu, au kupooza, au upungufu wa akili. Si kila mzee ni dhaifu kwa maana hii. Yuko mzee wa miaka themanini ambaye yu imara kwa akili, anajua hesabu ya minazi yake mmoja mmoja. Huyo haki yake ni kuheshimiwa na kuachiwa mambo yake. Na yuko mtu wa miaka arobaini aliyepatwa na kiharusi, hawezi kugeuka kitandani. Huyo ni dhaifu ijapokuwa hana hata unywele mmoja mweupe.

Ama mchunga wake, Mtume (s.a.w.) amefundisha ya kuwa kila mtu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya wale aliopewa kuwachunga. Katika madhehebu ya Imamu Shafi ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo kumlisha mzazi wake aliye fakiri, na kumvika, na kumpa makao. Na akiwa mzazi ni mgonjwa anayehitaji mtu wa kumtumikia, ujira wa mtumishi huyo pia ni juu ya mtoto.

Na hapa wako wanaume wanaokosea. Mtu humwachia mkewe kazi yote ya kumwosha na kumlisha mama yake, kisha yeye hukaa barazani akisema, "Mama yangu ninamtunza." Wanavyuoni wamebainisha ya kuwa kuwatumikia wazazi wa mume si faradhi juu ya mke. Akifanya ni wema wake na sadaka yake, na apaswa kushukuriwa. Deni ni la mtoto mwenyewe. Hadithi ya watu watatu waliozibiwa na jabali pangoni, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inamtaja mtu aliyesimama usiku kucha na chombo cha maziwa mkononi, akingoja wazazi wake wakongwe waamke wanywe kwanza, na watoto wake wakilia miguuni pake. Mtu yule hakumtuma mkewe asimame badala yake.

FASILI YA PILI
Khabari za nchi ya Mpanda

Mkoa wa Katavi ulikatwa kutoka mkoa wa Rukwa mwaka 2012, na mji wake mkuu ni Mpanda. Wenyeji wake wa asili ni Wabende, na Wapimbwe, na Wakonongo, na jirani zao Wafipa. Watu wa pwani si wageni wa pande hizo. Misafara ya Bagamoyo ilipita Tabora ikaenda Ujiji, na mingine ikashika njia ya Karema penye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ambapo Wabelgiji walijenga kituo chao mwaka 1879. Kisha katika mwaka 1950 reli ilifika Mpanda kutoka Kaliua, kwa ajili ya risasi iliyokuwa ikichimbwa huko Mukwamba. Na palipopita reli, mwenye duka la nguo na mshona kanzu walipita pia. Baadhi yao walioa huko na kuzeeka huko.

Baadaye walikuja watu wengine. Baada ya vita vya Burundi vya mwaka 1972 wakimbizi wengi walipewa makao Katumba na Mishamo, na baada ya shauri lililokatwa mwaka 2007 wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Wasukuma nao walishuka na ng'ombe zao wakitafuta malisho na mashamba. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilipata watu 564,604 katika mkoa. Na ile ya mwaka 2022 ilipata 1,152,958. Maana yake, katika miaka kumi watu wamezidi maradufu.

Na aangalie msomaji ni nini kinachotokana na hesabu hiyo. Mahali ambapo wageni ni wengi, mkongwe huzungukwa na majirani wasiomjua ujana wake. Hawajui ya kuwa alikuwa mkunga aliyewazalisha mama zao, wala kuwa ndiye aliyechimba kisima. Wamkuta mzee tu, amejiinamia penye moto, macho mekundu. Na watoto wake wamekwenda machimboni, au Dar es Salaam, au ng'ambo. Basi hapo hukosa ngome mbili kwa mara moja: ngome ya ukoo, na ngome ya ujirani wa siku nyingi.

FASILI YA TATU
Mfano wa mzee aliyetoka Pangani

Na upigwe mfano, usio wa mtu maalumu, bali umekusanywa katika mambo yatokeayo, ili somo lifahamike.

Mzee mmoja alitoka Pangani ujanani kwa reli, akafungua duka Mpanda, akajenga nyumba, akafiwa na mke. Alipotimiza miaka sabini na mitano akapatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, na ulimi ukawa mzito. Mwanawe wa pekee yuko Dar es Salaam. Mwana hakumtupa baba yake. Alimwita mtoto wa shangazi yake, akamkabidhi mgonjwa, akaajiri na msichana wa kupika na kufua, na kila mwezi akawa anapeleka fedha kwa simu. Kila Ijumaa hupiga simu na kuuliza, "Baba hajambo?" Nayo sauti humjibu, "Hajambo, amelala."

Miezi tisa ikapita. Yule mtoto wa shangazi mwanzoni alifanya kazi kwa moyo. Humgeuza mgonjwa, humsafisha, huamka naye usiku mara tatu. Lakini hakuna aliyempokea hata usiku mmoja. Uchovu ukazaa hasira, hasira ikazaa ukali, na ukali ulipokosa mtu wa kuukataza ukawa mazoea. Kwanza alimpigia kelele. Kisha akampunguzia maji ili asikojoe mara kwa mara. Kisha akawa hatoki kabisa kumwona kuanzia magharibi hata asubuhi, naye amefunga mlango kwa nje. Na kwa kuwa simu ya mzee iko mkononi mwake pamoja na namba yake ya siri, akaanza kuchukua kidogo, akisema moyoni, "Huu ni ujira wangu." Mwisho akaja mtu na karatasi ya kiwanja cha nyuma ya nyumba, na kidole gumba cha mzee kikatiwa wino.

Aliyeigundua khabari hii ni mzee mwenziwe wa msikitini. Hakuwa na elimu ya tabibu wala cheo cha serikali. Alikuwa na desturi moja tu: mtu akikosekana safu ya Ijumaa, humwendea. Alikwenda mara tatu akaambiwa, "Amelala." Mara ya nne akakaa kizingitini akasema, "Nitangoja aamke, mwanangu, sina kazi." Alipoingia alikuta harufu, na kidonda cha mgongo, na mtu aliyekuwa na mwili mnene amebaki mifupa. Akamwuliza mgonjwa, "Ndugu yangu, unanyanyaswa?" Mgonjwa akamtazama kwanza yule kijana, kisha akatazama ukutani. Jibu lilikuwa limekwisha tolewa.

Yule mwenziwe hakupiga kelele uwanjani. Alimpigia simu mwana, akamweleza imamu, na siku ile ile wakaenda kwa mtendaji wa mtaa na kwa afisa wa ustawi wa jamii. Mwana alifika baada ya siku tatu. Kidonda kilipona polepole kwa miezi mingi. Shauri la kiwanja lilikuwa refu. Na mwana alipotaka kumchukua baba yake pwani, mzee alikataa kwa ulimi wake mzito, akasema kaburi la mkewe liko Mpanda. Mwana akamsikiliza, kwani mwili uliopooza hauondoi haki ya mtu ya kuchagua akae wapi. Akapanga wauguzi wawili wapokezane, na daftari ya hesabu, na wazee wawili wa msikiti wamtembelee kila Jumatatu na Alhamisi pasi na kutoa khabari kwanza.

FASILI YA NNE
Namna za dhulma na alama zake

Dhulma afanyiwayo mgonjwa wa nyumbani ni namna tano.

Ya kwanza ni ya mwili: kupigwa, kusukumwa, kufungwa kamba, kufungiwa ndani, au kupewa dawa ya usingizi ili asisumbue. Alama zake ni vilio vya mikono na mapaja vyenye rangi mbalimbali, vingine vipya na vingine vya zamani, na alama za kamba katika vifundo.

Ya pili ni ya ulimi: kutukanwa, kutishwa, kufanyiwa mzaha kama mtoto. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Israa amewakataza watoto wasitoe mbele ya wazazi wakongwe hata ile sauti ndogo ya kuchoka. Basi ikiwa kuguna kumekatazwa, tusi lina hukumu gani? Alama yake ni mgonjwa kunyamaza ghafula aingiapo mwuguzi.

Ya tatu ni ya kuachwa: kukosa chakula, maji, dawa, usafi. Hii ni rahisi kutoonekana, kwa kuwa haina kelele. Alama zake ni kukonda, midomo kukauka, nguo zilizolowa, na vidonda vya mgongo na vya nyonga. Asiyeweza kugeuka mwenyewe yapasa ageuzwe kila baada ya saa mbili au karibu na hapo, kwani nyama ikilaliwa sana hukosa damu ikafa. Na alishwe akiwa ameinuliwa, asilishwe chali, maana chakula huingia njia ya pumzi kikamwua.

Ya nne ni ya tupu: kuguswa au kutazamwa kwa haramu. Tupu ya mgonjwa haikuhalalika kwa ugonjwa wake, ila kwa kadiri ya dharura tu. Aanze mke kwa mume na mume kwa mke. Kisha mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke. Na akioshwa afunikwe, lifunuliwe lile fungu linalooshwa tu. Sura ya Nuur imeweka nyakati tatu ambazo hatta watumishi na watoto wa nyumbani hubisha hodi kwanza. Adabu hiyo haimwondokei mtu kwa kuwa amelala kitandani.

Ya tano ni ya mali, nayo ina fasili yake.

FASILI YA TANO
Mali ya mgonjwa

Swali: Mwuguzi akitumia fedha za mgonjwa kwa kuwa anamtumikia, je, yamfalia?

Jibu: Ujira ukiwa umepatanwa, huo ni wake. Kisichopatanwa ni khiana. Katika Sura ya Nisaa Mwenyezi Mungu alipotaja wasimamizi wa mali ya yatima alimwamrisha tajiri ajizuie, na fakiri ale kwa kadiri ya ada, na akaamrisha mashahidi wakati wa kukabidhi. Mwenye kusimamia mali ya mtu mzima aliyepungukiwa akili na achukue kipimo hicho hicho. Na katika aya ndefu ya madeni, ya 282 katika Sura ya Baqara, imeamrishwa ya kuwa asiyeweza kuimlisha mwenyewe kwa udhaifu, basi walii wake aimlishe kwa uadilifu, mbele ya mashahidi. Basi kidole gumba kilichotiwa wino usiku, pasi na shahidi, hakina baraka wala hoja.

Swali: Mgonjwa akimpa mwuguzi wake kiwanja kwa hiari yake, je, inasihi?

Jibu: Akiwa ana akili timamu na maradhi yake si ya kufisha, mali ni yake, humpa amtakaye. Akiwa amepotewa na akili, kutoa kwake ni batili. Akiwa ametishwa au ameshikwa mkono, pia ni batili. Na akiwa katika maradhi ya mauti, basi zawadi yake huhesabiwa katika theluthi ya mali kama wasia, na akimpa mrithi hungojewa ridhaa ya warithi wengine. Hekima yake yaonekana: sharia imejua ya kuwa kitanda cha mauti huzungukwa na wenye huruma na wenye tamaa, na si rahisi kuwapambanua.

Tanbihi. Yafaa mambo manne. Iandikwe daftari ya kila shilingi iliyoingia na iliyotoka. Ashikaye fedha asiwe ndiye auguzaye, ikiwezekana. Namba ya siri ya simu isijulikane na kila mtu wa nyumba. Na hati za nyumba na kiwanja ziwekwe kwa mwaminifu, wala zisiwe chini ya mto wa mgonjwa.

FASILI YA SITA
Haki ya mwuguzi

Asidhani msomaji ya kuwa kila mwuguzi ni dhalimu. Wengi ni watu wa pepo, wafanyao kazi ambayo wengine huikimbia. Walakini mwenye kumtwika mtu mmoja mzigo wa watu watatu ana fungu lake katika dhambi itokeayo. Katika ule mfano wa mzee wa Pangani, mwana alipeleka fedha wala hakupeleka mapumziko. Na lau angalimpa yule kijana msaidizi mapema, huenda shari isingaliingia.

Basi mwuguzi apewe siku ya kupumzika, na ujira wake kwa wakati, kama Mtume (s.a.w.) alivyohimiza mfanya kazi alipwe pasi na kucheleweshwa. Afundishwe namna ya kumgeuza na kumwinua mgonjwa asijivunje mgongo. Na asiajiriwe mtoto: sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Na kumweka msichana peke yake katika nyumba pamoja na mwanamume asiye maharimu wake ni khalwa, hatta mwanamume huyo akiwa mgonjwa. Na mara nyingi anayedhulumiwa katika nyumba hiyo ni yule msichana.

FASILI YA SABA
Mzee kusingiziwa uchawi

Hii ni dhulma kubwa kupita zote, kwani mwisho wake ni damu. Katika mikoa ya magharibi na ya Ziwa Victoria wazee wengi, na zaidi wanawake wajane, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Hoja ya wauaji ni macho mekundu. Na macho hayo sababu yake ni moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe, aliouinamia mama yule miaka hamsini akiwapikia watoto, pamoja na maradhi ya macho yasiyotibiwa. Tazama basi: alama ya utumishi wake imefanywa ushahidi wa kumwua.

Huko Katavi na jirani zake huzunguka watu waitwao lambalamba, na pengine kamchape, wakidai kufichua wachawi na kutoa uchawi majumbani, kwa malipo. Jambo hili si jipya. Katika nchi ya Ufipa kamchape iliandikwa khabari zake tangu miaka ya 1960. Wakimtaja mkongwe, jamaa zake wenyewe humkimbia, na mara nyingine nyuma ya tuhuma iko tamaa ya shamba lake. Na mgonjwa wa kitandani hawezi hata kukimbia.

Asiwacheke mtu wa pwani watu wa bara kwa hayo. Ni wangapi pwani ambao mtoto akiugua huenda kwa mpiga ramli, naye akawaambia, "Mbaya wako yu ndani ya nyumba, ni mwanamke mzee"? Ni neno lile lile, limevaa kanzu. Mtume (s.a.w.) amewaonya wamwendeao mpiga ramli kwamba sala zao za siku arobaini hazikubaliwi, na Sura ya Hujurat imeamrisha kujiepusha na dhana nyingi. Uchawi ni dhambi kubwa, na kumsingizia mtu pasi na hoja ni dhambi kubwa vilevile. Na sheria ya serikali juu ya uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na kubaki hatta sasa katika vitabu vya Tanzania, inamwadhibu pia yule amtajaye mwenziwe kuwa mchawi mitaani.

FASILI YA NANE
Kushitaki si kusengenya

Swali: Mtu akijua ya kuwa jirani anamtesa mzazi wake, akilisema, je, si ghiba? Si kuvunja sitara ya nyumba ya Muislamu?

Jibu: Imamu Nawawi ameyataja mambo sita ambayo ndani yake ghiba huruhusiwa, na la kwanza ni kumshitaki dhalimu kwa mwenye uwezo wa kumzuia. Mtume (s.a.w.) ameamrisha ndugu asaidiwe akiwa amedhulumiwa, na asaidiwe pia akiwa dhalimu, na msaada wa dhalimu ni kuuzuia mkono wake. Na Sura ya Nisaa imeamrisha kusimamisha uadilifu ijapokuwa ni juu ya nafsi ya mtu na jamaa zake. Basi sitara ni ya aibu ya mtu iliyo baina yake na Mola wake. Jeraha la mwenziwe halimo katika sitara hiyo.

Walakini kushitaki kuna adabu. Aonaye aanze kwa kuhakikisha, wala asitangaze dhana. Azungumze na mgonjwa faraghani, mwuguzi akiwa mbali, amwulize anataka nini. Ikiwa ni uzembe wa uchovu, jamaa wasaidiwe na kunasihiwa. Ikiwa ni kipigo, au njaa, au wizi, au kuingiliwa, au tishio la uchawi, basi nasaha haitoshi, wala isingojwe Ijumaa ijayo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humwadhibu aliyekabidhiwa mtu asiyejiweza kisha akamnyima mahitaji ya uhai. Milango ya kwenda ni mtendaji wa mtaa au wa kijiji, afisa wa ustawi wa jamii katika halmashauri, baraza la wazee, na kituo cha polisi pamoja na dawati lake la jinsia na watoto. Na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imemhesabu mzee kuwa ni aliyetimiza miaka 60, na imeagiza atunzwe na ahifadhiwe. Basi mwenye kwenda kushitaki ana tegemeo.

Na huko Zanzibar serikali ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni kheri kubwa. Lakini kheri hiyo nayo yataka mlinzi, kwani mzee asiyeweza kutembea, fedha yake huchukuliwa na mwingine. Na aulizwe mzee, "Imekufikia?" wala asiulizwe mchukuaji peke yake.

KHATIMA

Mambo ya somo hili yakusanywe katika matatu. Mzee asiwe na mwuguzi mmoja tu, wala mwuguzi mmoja asiwe ndiye mwenye ufunguo, na fedha, na simu. Mzee asipitiwe na juma bila kuonana na mtu wa nje ya nyumba, uso kwa uso. Na mzee aulizwe yeye mwenyewe, ijapokuwa ulimi wake ni mzito na jibu lake lataka subira.

Aliye pwani na baba yake yuko Mpanda asiridhike na fedha aliyoipeleka. Safari ya reli ni siku mbili au zaidi, na ni ndefu. Lakini kuna wakati ambapo fedha haiwi badala ya macho. Na aliye Mpanda na jirani yake ni mkongwe wa watu wa mbali, huyo ndiye macho ya mwana asiyekuwapo. Wote wawili wanazeeka, na kila mmoja atahitaji siku moja mtu wa kukaa kizingitini pake na kusema, "Nitangoja aamke."

Mwenyezi Mungu awape wazee wa Waislamu na wa watu wote walinzi waaminifu, na awape walinzi wao subira. Amin.

MASUALA YA DARASA

1. Ni nini tofauti ya mzee na dhaifu? Toa mfano wa dhaifu asiye mzee.
2. Ujira wa mtumishi wa mzazi mgonjwa aliye fakiri ni juu ya nani?
3. Taja namna tano za dhulma, na alama za namna ya tatu.
4. Zawadi ya mwenye maradhi ya mauti huhesabiwa namna gani?
5. Kwa nini kumshitaki dhalimu si ghiba iliyokatazwa?
6. Katika mtaa wako ni mzee gani ambaye hakuonekana msikitini tangu mwezi uliopita? Nani atamwendea, na lini?